Tezi za Mate: Kabla Hujalaumu Jino, Tazama Saa

Jirani yangu mmoja ni fundi wa magari kule Grogan, Nairobi, na kwa miezi kadhaa aliliogopa embe bichi. Mwuzaji akipita na mkokoteni wake, akilikata vipande na kunyunyiza chumvi na pilipili, mdomo wa fundi ulijaa mate hata kabla hajatoa pesa mfukoni. Hajamaliza kipande cha pili, chini ya taya la kushoto kumeshatokeza donge la ukubwa wa ndimu, limebana, linauma. Baada ya saa moja hivi donge lilinywea lenyewe, likasubiri chakula cha jioni lirudi tena. Alimeza vidonge vya maumivu. Akauziwa antibiotiki kwenye kemisti bila karatasi ya daktari. Mwishowe akang'olewa gego. Uvimbe ukaendelea na ratiba yake.

Daktari wa meno aliyemwona baadaye hakuanza na kioo wala sindano. Alianza na swali: huvimba saa ngapi?

Swali hilo ndilo ufunguo wa mada hii yote. Uvimbe wa shavu au wa chini ya taya una majina mengi ya kitabibu yanayoutisha ulimi, lakini mgonjwa anayejua donge lake lina umri gani, na kama linakuja na kuondoka au limekaa tu, ameshamfanyia daktari nusu ya kazi. Kuna uvimbe wa saa, uvimbe wa siku, uvimbe wa miezi na uvimbe wa miaka.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia tezi zipi, maana neno lenyewe lina kazi nyingi. Jahazi lina tezi yake, ile ya methali ya tezi na omo. Mwanamume ana tezi dume. Anayevimba shingo kwa mbele huambiwa ana tezi. Na uvimbe mdogo unaotokea shingoni ukiwa na mafua ni tezi za limfu, ambazo ni askari wa mwili na hazitoi mate hata tone. Tezi za mate ni nyingine kabisa. Kubwa ni jozi tatu. Jozi ya kwanza iko mbele ya masikio, imelala juu ya taya. Ya pili iko chini ya taya, unaweza kuigusa ukiingiza kidole chini ya mfupa. Ya tatu, ndogo zaidi, iko chini ya ulimi. Zaidi ya hizo kuna vitezi vidogo vidogo, mia sita hadi elfu moja, vimetawanyika midomoni, ndani ya mashavu na juu ya kaakaa.

Zote kwa pamoja hutoa mate ya nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Karibu yote ni maji, lakini kile kidogo kilichobaki ndicho chenye thamani: kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga (tafuna tonge la ugali polepole mpaka uonje utamu, hiyo ndiyo kazi yake), chembe zinazopigana na vijidudu, na madini ya kalsiamu na fosfeti yanayoziba vijitundu vya meno kabla havijawa mashimo. Kila tezi kubwa ina mrija wa kumwaga mate mdomoni. Ule wa tezi ya sikioni unatokea ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu. Pitisha ncha ya ulimi utahisi kinundu. Ile ya chini ya taya inatokea chini ya ulimi, pande mbili za kile kiutepe cha katikati. Simama mbele ya kioo, inua ulimi, mtu akulambishe ndimu, utaona mate yakibubujika kama chemchemi ndogo.

Mrija ukiziba, mate hayana pa kwenda. Hicho ndicho kilichompata fundi: jiwe. Kalsiamu iliyomo ndani ya mate huganda taratibu, tabaka juu ya tabaka, mpaka likawa kokoto. Mawe manane au tisa kati ya kumi hutokea kwenye tezi ya chini ya taya, na sababu si bahati mbaya. Mrija wake ni mrefu, kama sentimita tano, na unapanda mlima: mate yanatoka chini yakielekea juu. Mate yake ni mazito zaidi kuliko ya tezi ya sikioni, na yana kalsiamu nyingi. Bomba refu, lenye mwinuko, lenye maji mazito ya chokaa. Mwenyeji yeyote wa Nairobi anajua bomba la namna hiyo huishia wapi.

Ndiyo maana uvimbe wa jiwe ni uvimbe wa saa. Ukila, au hata ukinusa chakula, tezi inasukuma mate, mate yanagonga jiwe, tezi inafura. Ukimaliza kula, mate yanapenya kidogo kidogo pembeni mwa jiwe, donge linashuka. Hakuna jino linalouma kwa ratiba hiyo. Jino lililooza huuma kwa baridi, kwa moto, kwa kugongwa, na usiku wa manane unapotaka kulala. Niseme haki hata hivyo: hapa kwetu uvimbe mwingi wa taya kweli hutokana na meno, kwa hiyo daktari anayeshuku jino kwanza hajakosea. Kosa ni kuling'oa bila kuuliza.

Daktari huweka kidole kimoja chini ya ulimi na kingine chini ya taya, akalitafuta jiwe katikati. Eksirei ya sakafu ya mdomo huonyesha mawe mengi, si yote, na ultrasaundi huongeza mengine. Jiwe dogo linaweza kutoka lenyewe. Mgonjwa huambiwa anywe maji kwa wingi, akande tezi kutoka nyuma kuelekea mbele, aweke kitambaa cha moto, na anyonye kitu kichachu ili mate yasukume kwa nguvu. Kichachu kina masharti: kama mrija umeziba kabisa, ndimu inazidisha maumivu bila kusogeza chochote, na hapo iache. Jiwe lililo karibu na mlango hutolewa kwa mkato mdogo mdomoni, kwa ganzi tu, na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lililo ndani zaidi linaweza kufuatwa kwa kamera nyembamba ya milimita moja hivi inayoingizwa ndani ya mrija wenyewe, ingawa kifaa hicho hakipatikani kila hospitali. Na tezi iliyoharibika kwa mawe ya miaka mingi hutolewa nzima kwa upasuaji wa shingoni. Watu huuliza kama mdomo utakauka. Haukauki, tezi zilizobaki zinatosha.

Mrija ulioziba au mate yaliyopungua hufungulia bakteria mlango. Hapo tezi huvimba na kukaa imevimba, ngozi inawaka, homa inapanda, na ukiikanda usaha unatoka mdomoni wenye ladha mbaya ya chumvi. Walio hatarini ni wazee, wagonjwa waliotoka kwenye upasuaji, na yeyote asiyekula wala kunywa kwa siku kadhaa, kwa sababu mate yanayotiririka ndiyo yanayosafisha mrija. Hata ikulu haikingi: Rais James Garfield wa Marekani, aliyepigwa risasi mwaka 1881 na kuugua wiki nyingi kabla ya kufa, alipata usaha wa tezi ya sikioni akiwa amedhoofika kitandani. Tiba ni maji, hata ya dripu, na antibiotiki zinazomlenga bakteria anayeitwa stafilokokasi, aliye mkosaji mkuu hapa. Jipu likishafanyika, lazima litobolewe na daktari. Na mtu akishindwa kufungua mdomo, kumeza mate yake au kupumua vizuri, huyo si mgonjwa wa kusubiri asubuhi, tafuta gari.

Sasa uvimbe wa siku. Matubwitubwi, wengine husema matumbwitumbwi au perema, husababishwa na virusi. Mtoto huambukizwa, hukaa wiki mbili hadi tatu bila dalili, kisha homa, uchovu, na mashavu yanayofura mbele ya masikio mpaka ndewe zinainuliwa. Mara nyingi upande mmoja hutangulia, wa pili hufuata. Wengi waliokulia magharibi mwa Kenya wanakumbuka walivyotumwa kuzunguka mti mbio, wakiimba na kuuachia mti ugonjwa wao. Dawa hiyo ilikuwa na sifa nzuri, na ninaelewa kwa nini. Matubwitubwi hupona yenyewe ndani ya siku saba hadi kumi, kwa hiyo ukimzungusha mtoto mti siku ya sita, mti utapata sifa zote. Antibiotiki za kemisti hupata sifa kwa njia hiyo hiyo, na angalau mti ulikuwa wa bure.

Tiba halisi ni kupumzika, kunywa, chakula laini na parasetamoli. Aspirini asipewe mtoto. Akae nyumbani kwa siku tano tangu uvimbe uanze, kwa kuwa siku hizo bado anaweza kuambukiza wenzake. Kinachofanya ugonjwa huu usidharauliwe ni safari zake nje ya tezi. Unaweza kugusa utando wa ubongo, kongosho, na sikio la ndani hadi kuleta uziwi. Kwa mvulana aliyebalehe, kama robo hivi hupata uvimbe wa korodani. Utasa kamili ni nadra kuliko vijiwe vya bodaboda vinavyosema, lakini korodani inaweza kunywea.

Kinga ipo, tena ina kisa kizuri. Mwaka 1963 mtafiti wa chanjo Maurice Hilleman aliamshwa usiku na binti yake mdogo, Jeryl Lynn, mwenye uvimbe wa taya. Akachukua vifaa vyake, akampangusa kooni, akavipeleka virusi maabara. Chanjo iliyotokana na virusi hivyo ikapewa kibali Marekani mwaka 1967, na aina hiyo ya virusi hadi leo inaitwa kwa jina la msichana. Hapa Kenya watoto hupewa bure chanjo ya surua na rubela, iliyoanza 2016, lakini haina matubwitubwi ndani yake. Ile yenye magonjwa yote matatu hutafutwa kwenye kliniki za kulipia.

Jambo moja wazazi hulikosa: matubwitubwi kwa kawaida huja mara moja maishani. Mama akisema mtoto wake anayapata kwa mara ya nne, karibu hakika hayo si matubwitubwi. Kuna watoto ambao tezi ya sikioni huvimba mara kwa mara bila mawe wala virusi hivyo, na wengi wao huachana na shida hiyo wakibalehe. Na kuna sababu nyingine, inayotuingiza kwenye uvimbe wa miezi.

Virusi vya UKIMWI vinaweza kuzifurisha tezi za masikioni, mara nyingi zote mbili, bila maumivu na bila homa. Kwa mtoto, uvimbe wa namna hiyo usioisha ni miongoni mwa ishara ambazo Shirika la Afya Duniani hutumia kupima hatua ya ugonjwa. Kwa mtu mzima, ndani ya tezi hutokea vifuko vya maji. Kuvinyonya kwa sindano kunapendeza kwa muda tu, kisha hujaa tena. Kinachovipunguza ni ARV zenyewe, na mara nyingi kisu hakihitajiki. Kwa hiyo daktari akipendekeza kipimo cha VVU kwa sababu ya mashavu, asionekane ametukana; ameona tezi, hajaona tabia.

Lakini si kila shavu la namna hiyo ni la virusi. Pombe ya miaka mingi, kisukari na utapiamlo huzinenepesha tezi hizo hizo, pande mbili sawasawa. Ninamjua mzee mmoja ambaye mtaa mzima ulisema amenona na mambo yake yanaenda vizuri, kumbe mashavu yalikuwa yanasimulia habari za chupa. Tezi hapo haina tiba yake yenyewe. Kinachotibiwa ni kilichoko nyuma yake.

Halafu kuna mdomo mkavu, ambao haufuri kila mara ila hutesa kila saa. Mwanamke wa makamo anayehisi mchanga machoni, asiyeweza kumeza mandazi bila kusukuma kwa chai, ambaye viungo vinamwuma, anaweza kuwa na ugonjwa ulioelezwa na daktari wa macho wa Uswidi, Henrik Sjögren, mwaka 1933. Kinga ya mwili hugeuka na kuzishambulia tezi za mate na za machozi. Wanawake ni tisa kati ya kumi ya wagonjwa, na lazima wafuatiliwe kwa sababu uwezekano wao wa kupata saratani ya tezi za limfu ni mkubwa kuliko wa watu wengine. Ila sababu ya kawaida zaidi ya mdomo mkavu ni dawa: za mzio, za mfadhaiko, baadhi ya zile za presha. Mionzi ya saratani ya kichwa na shingo nayo huchoma tezi, ndiyo maana mgonjwa anapaswa kumwona daktari wa meno kabla ya kuanza mionzi, si baada. Na hapa Nairobi siwezi kuiacha miraa. Kathinoni iliyomo hukausha mate, mtafunaji huondoa ukavu kwa soda na chingamu zenye sukari, na meno yaliyopoteza mlinzi wake huogeshwa sukari usiku kucha. Tazama meno ya wateja wa usiku Eastleigh, utaona hesabu yake.

Mwenye mdomo mkavu husaidiwa kwa maji ya kunywa kidogo kidogo, chingamu isiyo na sukari, dawa ya meno yenye floraidi, mate ya bandia yanayouzwa dukani, na kwa wengine vidonge vya pilokapini vinavyoichapa tezi iliyobaki ifanye kazi. Vidonge hivyo havimfai mwenye pumu isiyodhibitiwa, kwa hiyo si vya kuazimana.

Niyapite haraka malengelenge ya mate. Ukijing'ata mdomo wa chini, kitezi kidogo kinaweza kupasuka na kutoa kiputo laini; hukatwa pamoja na kitezi chake, basi. Kiputo kikubwa cha chini ya ulimi, cha rangi ya samawati, Walatini walikifananisha na koo la chura na jina lake la kitabibu limetoka huko. Kukitoboa kwa sindano ni kazi bure, hurudi. Kinachomaliza shida ni kutoa tezi ya chini ya ulimi inayokilisha. Usimpelekee mkata kimeo.

Uvimbe wa miaka ndio unaonipa wasiwasi, hasa kwa sababu hauumi. Donge dogo mbele ya sikio, ukubwa wa njugu, linateleza chini ya kidole, limekuwa hapo tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Habari njema ni kwamba takriban manane kati ya kumi ya madonge ya tezi za mate hutokea kwenye tezi ya sikioni, na huko takriban manane kati ya kumi si saratani. Habari nyingine ni kinyume cha unavyodhani: kadiri tezi inavyokuwa ndogo, ndivyo donge lake linavyotiliwa shaka zaidi. Chini ya taya, karibu nusu ni saratani. Kwenye vitezi vidogo vya kaakaa, zaidi ya nusu. Kwa hiyo kinundu kwenye paa la mdomo, hata kisipouma, kionyeshwe. Donge lolote lililokaa zaidi ya wiki tatu, lionyeshwe. Na likianza kukua ghafla, likiganda mahali pamoja, likiuma, au kope na mdomo wa upande huo vikilegea, usihesabu wiki tena.

Kulegea huko kuna maana kubwa. Neva inayotembeza uso, inayokuwezesha kutabasamu na kufumba jicho, hupita katikati ya tezi ya sikioni na kugawanyika humo matawi matano. Donge lisilo saratani huisukuma neva pembeni na kuiacha. Saratani huila.

Mitaani kuna imani kwamba donge likiguswa na kisu husambaa. Nimeisikia Kayole, nimeisikia Kilimani, kwa hiyo si suala la elimu. Kuna punje ya ukweli ndani yake iliyopotoshwa. Donge la kawaida zaidi la tezi ya sikioni, lisilo saratani, lina ganda lisilo kamili. Daktari akilikwangua kama mtu anayetoa kokwa kwenye tunda, chembe hubaki na baada ya miaka hurudi madonge mengi badala ya moja. Kinachodhuru ni upasuaji nusu. Ndiyo sababu donge la sikioni halikatwi kipande cha majaribio kwenye chumba cha kliniki. Huchomwa sindano nyembamba, zikatolewa chembe za kupimwa kwa darubini, na sindano hiyo haisambazi. Kisha hutolewa pamoja na sehemu ya tezi inayolizunguka, daktari akiwa ameitafuta neva kwanza na kuifuata tawi kwa tawi. Kuliacha miaka mingi si salama pia, kwa kuwa baadhi hugeuka saratani.

Mgonjwa aambiwe mapema yatakayofuata. Ndewe inaweza kufa ganzi. Uso unaweza kulegea wiki au miezi kadhaa kisha ukarudi. Na wengine, miezi baadaye, huanza kutokwa jasho shavuni wakila pilau. Neva za mate zilizokatwa hukua upya na kupotea njia, zikaungana na tezi za jasho. Daktari Mpolandi, Łucja Frey, ndiye aliyelihusisha tatizo hilo na neva mwaka 1923. Hutibika kwa sindano za botoksi. Kama donge ni saratani, upasuaji hupanuliwa, wakati mwingine na tezi za limfu za shingo, na mionzi hufuata.

Nairobi mtu aanzie kwa daktari wa meno au wa masikio, pua na koo aliye karibu naye. Madaktari wa upasuaji wa mdomo na taya wapo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Fundi wangu jiwe lake lilikuwa karibu na mlango wa mrija. Dakika ishirini, ganzi, uzi mmoja. Aliomba kuliona: la manjano, ukubwa wa punje ya mchele. Akalifunga ndani ya karatasi ya sandapepa, na siku hizi huwaonyesha wateja wenye nozeli zilizoziba. Maembe anakula kila alasiri. Gego, bila shaka, halikurudi.